Kiapo cha Keturah Blaylock

Watu wa siku hizi wakisikia jina la Keturah Blaylock husema, aa, yule wa kofia. Kofia alisuka, ni kweli. Alizisuka kwa mabua ya ngano, ngumu kiasi kwamba farasi wa Ndugu Pickett aliikanyaga moja akateguka mguu, na kofia ikavaliwa Jumapili ile ile. Lakini habari za kofia nawaachia wenye vichwa. Mimi nataka kusema jinsi mwanamke yule alivyokanwa mchana kweupe, milango imefungwa, mbele ya watu waliovaa nguo za kuendea ibadani.

Alifika Harani, kijiji chetu, akiwa mtoto, akisukuma kwa nyuma mkokoteni ambao baba yake aliuvuta kwa mbele. Walitoka Uingereza wakavuka bahari, wakapanda gari moshi mpaka reli ilipoishia, na kutoka hapo wakaja kwa miguu kama wenzao wengi. Gurudumu lao lililia njia nzima kwa kukosa mafuta. Nyati wa nyikani walikuwa wakisogea karibu kusikiliza, wakidhani ndama wao anaonewa, na inasemekana fahali mmoja alilia mpaka akaacha dimbwi. Baba yake alifia njiani, milima ya Utah ikiwa tayari inaonekana. Mama yake alifia hapa hapa, baridi ya kwanza. Mtoto akachukuliwa na kizee mmoja msuka kofia, naye hakumfundisha kitu kingine ila kusuka, kusali na kunyamaza. Hilo la mwisho halikumwingia sana.

Harani yetu ilikuwa chini ya majabali mekundu, na wekundu huo uliingia kwenye kila kitu, kwenye unga, kwenye maziwa, kwenye soksi. Upepo wa Machi mwaka mmoja ulibeba shamba zima la vitunguu la Ndugu Pickett ukalitua kwa jirani yake, wakagombana mpaka upepo ulipobadilika ukalirudisha. Kilichotuweka hai ni mfereji wa maji, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kuyafungulia shambani. Watu wa nje walituita Wamormoni. Sisi wenyewe tulijiita Watakatifu, na kama hamkuwahi kuona mtakatifu akimwibia mwenzake maji ya zamu, basi hamkupita Harani.

Alma Stoddard alikuwa na mashine ya kusaga, sauti nzuri ya kuongoza nyimbo, na ndevu ambamo kuku angeweza kuatamia bila kusumbuliwa. Mke wake alikuwa Philinda, mwanamke mpole, mnene, mwenye mikono ya joto. Katika siku hizo wakubwa wa kanisa walimwambia mwanamume wa namna ya Alma kwamba wakati umefika aoe mke wa pili. Philinda alilia wiki nzima. Kisha akafuta uso, akavaa boneti yake, akaenda mwenyewe kwa Keturah, ambaye alikuwa rafiki yake wa kumenya mahindi na kucheka naye kanisani kwenye mahubiri marefu. Akamwambia kama nyumbani mwake lazima aingie mwanamke mwingine, basi aingie yule anayempenda yeye.

Keturah alimwuliza kama anakoroma, huyo Alma.

"Anakoroma," Philinda akasema. "Tutagawana."

Wakaenda hekaluni wote watatu. Kwetu desturi ni kwamba bi mkubwa ndiye anayemtoa bi mdogo. Philinda aliushika mkono wa kulia wa Keturah kwa mkono wake mwenyewe, akauweka kwenye mkono wa Alma, na ndoa ikafungwa, si ya dunia hii tu, ya milele. Na lingine lijueni, maana bila hilo hamtaelewa kilichomuuma. Kwetu tuliamini kwamba siku ya ufufuo mume ndiye atakayesimama juu ya kaburi la mkewe na kumwita kwa jina, naye aamke. Ndiyo sababu mwanamke wa Harani alivumilia mengi. Unamvumilia mtu ambaye ndiye atakayekuamsha.

Nyumba yake Keturah aliijenga mwenyewe, kando ya mfereji, kwenye kipande cha ardhi ya Alma. Alikunja sketi mpaka magotini akakanyaga udongo na majani, akiimba, akafyatua matofali, akayaanika juani, akayapanga. Alma alikuja kuweka paa na mlango, na mlango ukakaa upande. Alipanda mipichi nyuma ya nyumba. Humo akamzaa binti, Drusilla. Wiki moja Alma alilala kwa Philinda kwenye nyumba ya mawe, wiki nyingine kwa Keturah, na siku ya kuhama wale wanawake wawili walikutana katikati ya njia kupeana habari zake, tumbo lake linasumbua, mpe mtindi, amekasirika, usimwulize kuhusu mashine. Mtoto wa Philinda, Hyrum, alipougua koo karibu kufa, aliyemkesha ni Keturah, kwa sababu Philinda mwenyewe alikuwa kitandani na mimba mbaya. Hata mimi niliyewaona nilikuwa nasahau nani ni nani.

Kisha serikali ya kule Washington ikaamua kwamba mwanamume mwenye wake wawili ni mhalifu. Maafisa wakamiminika bondeni. Wanaume wetu wakaanza kuishi kama panya, kwenye mashimo ya viazi, kwenye majani makavu, juu ya dari. Watoto walifundishwa kwamba hawajui baba zao walipo, wala majina yao, wala kama waliwahi kuwa na baba. Mbwa wa Harani walijifunza kubweka kwa namna mbili, moja ya mgeni wa kawaida na moja ya afisa wa serikali.

Alma walimkamata kwenye kushona. Wanawake tulikuwa tumekaa kwa Philinda kuzunguka mfarishi wa viraka, kila mmoja na sindano yake, mbwa wakabweka ile namna ya pili. Hapakuwa na nafasi ya kukimbia. Tukamvika Alma gauni la mama yake marehemu, tukamfunga boneti pana na shali mpaka puani, ndevu tukazisokota ndani ya shali, tukamkalisha kati yetu na sindano mkononi. Afisa, jina lake Tuttle, aliingia kwa adabu, akavua kofia, akazunguka nyuma ya viti vyetu akiangalia mfarishi. Akasimama nyuma ya Alma akatazama muda. Akasema mama yake mzazi alikuwa mshonaji, na katika maisha yake yote hakuona mama wa makamo akishona mfarishi kama anayefunga gunia la mbolea. Akaomba kwa heshima kumwona bibi uso.

Tulicheka siku nyingi kwa hilo. Keturah hakucheka, maana alikuwa ameshajua kesi itamwangukia nani.

Ilikuwa hivi. Philinda ni mke wa sheria, na mke wa sheria hawezi kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Lakini Keturah kwa serikali hakuwa mke, kwa hiyo yeye waliweza kumpandisha kizimbani wakamwuliza. Akisema ndiyo, Alma anafungwa. Akisema hapana, Alma anarudi nyumbani.

Alma aliachiwa kwa dhamana kungoja kesi, akaja kwa Keturah pamoja na Askofu Haskett, aliyekuwa mkubwa wetu wa ibada pale Harani, na Philinda nyuma yao. Mimi nilikuwa jikoni nikimsaidia kukausha pichi, na mlango kama nilivyosema ulikaa upande, haukufunga vizuri.

Alma alimwambia ataulizwa neno moja tu, na ajibu neno moja tu. Keturah akasema atakuwa ameweka mkono juu ya Biblia. Askofu akakohoa, akamkumbusha kwamba hata Ibrahimu, mbele ya Farao, alisema Sara ni dada yake, na Mungu hakumhesabia kosa.

"Aliyepelekwa nyumbani kwa Farao ni Sara, Askofu," Keturah akasema. "Ibrahimu alibaki nje na ngamia."

Kisha akauliza itakuwaje wakimwuliza baba wa mtoto wake. Hapo hata Askofu akaangalia viatu vyake. Mwanamke atakayejibu hamjui mbele ya watu wa nje ajue anajiita nini na anamwita binti yake nini.

Philinda ndiye aliyemshika mkono. "Mdogo wangu, ni maneno ya mchana mmoja. Mimi ndiye niliyekutoa. Shahidi wako ni mimi, mbele za Mungu na mbele ya mtu yeyote."

"Na wewe?" Keturah akamwuliza Alma.

"Mbele yao, hapana. Mbele yetu wenyewe, wewe ni mke wangu, leo na milele. Na nyumba hii ni yako."

"Sema tena."

Akasema tena, kwa ile sauti yake ya kuongozea nyimbo.

Mahakama ilikuwa mji mwingine, safari ya gari la farasi, na ukumbi ulijaa watu wa nje waliokuja kutazama wake wa Wamormoni kama watu wanavyokwenda kutazama dubu. Keturah alivaa kofia aliyosuka mwenyewe. Akaweka mkono juu ya Biblia. Wakili wa serikali akamwuliza kama Alma Stoddard ni mume wake. Akasema hapana. Akamwuliza kama amewahi kuwa mume wake kwa namna yoyote, kwa ibada yoyote. Akasema hapana. Akamwuliza baba wa Drusilla ni nani. Akasema hamjui.

"Basi tuseme alishuka na mvua," wakili akasema.

"Kwetu mvua ni chache, bwana," Keturah akajibu, "lakini hutokea."

Ukumbi ukacheka mpaka jaji akagonga meza. Walidhani amefanya mzaha. Mimi niliyekuwa nimekaa nyuma niliona shingo yake, ilikuwa imekuwa nyekundu kama majabali ya kwetu. Alipotoka nje mwanamke mmoja mwenye glavu nyeupe alivuta gauni lake pembeni lisimguse. Alma akaachiwa. Akapanda gari na Philinda, maana haikufaa waonekane pamoja na Keturah barabarani. Keturah tulirudi naye kwenye gari la muuza jibini, na njia nzima hakusema ila neno moja, kwamba jibini la yule bwana linanuka kuliko wakili.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kwake. Alioka mkate, akamvalisha Drusilla, akangoja. Alma hakuja. Philinda akaja kueleza kwamba maafisa bado wanatazama nyumba, asubiri kidogo. Keturah akasubiri. Maafisa wakaondoka, Alma akawa na kazi nyingi kwenye mashine. Kazi ikapungua, akawa na baridi kifuani. Watoto wa shule wakaanza kumwita Drusilla mtoto wa mvua, na Alma alipopita pale wakiimba wimbo huo aligeuza uso kama anatazama hali ya hewa.

Baadaye wakubwa wa kanisa wakatoa tangazo kwamba ndoa za namna hii basi, hazifungwi tena. Walioolewa zamani, kila mwanamume akaamua na roho yake. Ndugu Pickett, yule yule wa vitunguu, aliendelea kubeba kuni mchana mpaka kwa mkewe wa pili, akipita katikati ya barabara, na akiulizwa alisema anayetaka kumfunga aje, amsaidie kwanza kushusha kuni. Mtu mwenyewe alikuwa mgomvi asiye na meno. Keturah alikuwa akimtazama akipita na zile kuni, halafu anarudi ndani kusuka.

Siku Alma alipokuja hatimaye, hakuvua kofia. Alisimama mlangoni akasema Hyrum anaoa, na kijana anahitaji nyumba yenye zamu ya maji, na hii ndiyo iliyopo. Yeye Keturah asiwe na wasiwasi, kuna chumba nyuma ya jiko la Philinda, atakaa humo na binti, atasaidia kazi za nyumba na atalishwa.

"Nitakaa humo kama nani?" Keturah akamwuliza.

Alma akasema kama dada katika imani.

Sisi hatukupeleka mambo yetu kwa majaji wa serikali. Ndugu akimkosea ndugu, jambo huenda kwa askofu, mbele ya baraza, na neno la pale ndilo la mwisho. Keturah akamwita Alma barazani. Tukakusanyika kwenye nyumba ya ibada, milango ikafungwa, mlinzi akawekwa nje, kwa sababu lilikuwa jambo la wake wawili na masikio ya serikali yalikuwa bado marefu. Mimi nilikaa benchi la nyuma na soksi yangu nikifuma, na nilifuma hiyo soksi ikawa ndefu kuliko mguu wa twiga.

Keturah alisema kwa ufupi. Hakutaka Alma alale kwake tena, akalale anakotaka. Alitaka jambo moja, aseme hapa, kwa watu wake, kwamba yeye ni mkewe. Akisema hivyo, nyumba ni ya mke, na mtoto ana baba, basi.

Alma akasimama. Akasema anamheshimu sana Dada Keturah. Lakini Dada Keturah aliapa juu ya Biblia, mbele ya watu wengi, kwamba yeye si mke wake na hajawahi kuwa. "Mimi ni nani," akasema, "nimwite dada yangu mwongo wa kiapo?"

Nawaambia nilisikia nzi wakiacha kuruka.

Keturah akamgeukia Askofu Haskett, ambaye aliketi pale pale meza ya mbele. Akamwuliza kama anakumbuka habari ya Ibrahimu na Farao. Askofu akasema mambo ya siku zile yalikuwa ya siku zile, na mtu akikiri leo inaweza kumrudisha Ndugu Alma jela. Keturah akasema milango imefungwa, hapa hakuna mtu wa nje. Askofu akafungua kitabu chake cha nyimbo akawa anatafuta ukurasa, na hapakuwa na wimbo wa kuimba.

Basi akamgeukia Philinda. Sijawahi kuona mtu akigeuka polepole vile.

"Dada," akasema. "Ulinishika mkono huu. Ukauweka kwenye mkono wake. Waambie tu ulifanya hivyo."

Philinda alikuwa amekaa karibu na Hyrum, na upande wa pili wa Hyrum alikaa mchumba wake, binti mzuri wa watu, amevaa utepe mpya. Philinda aliwatazama. Akatazama mikono yake. Akasema kwa sauti ndogo sana kwamba siku nyingi zimepita, na yeye hakumbuki vizuri.

Keturah hakulia. Alibaki amesimama, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Alimwuliza Alma, sawa, hapa duniani amekataa. Na kule je? Siku ile ya kuamka, atakuja kumwita, au hatakuja?

Alma akapapasa ndevu. Akasema ya kule yataangaliwa kule.

Baadhi ya wanaume wakainamisha vichwa. Keturah akafunga utepe wa kofia yake chini ya kidevu, taratibu.

"Usijisumbue," akasema. "Miaka yote niliyokaa na wewe nilikuwa naamka kabla yako. Na siku hiyo nitaamka mwenyewe, nikukute unakoroma."

Hakuna aliyecheka, hata mimi, na mimi hucheka mazishini. Akatoka kwa mlango wa mbele. Mlinzi alikuwa Ndugu Pickett, na alipouona uso wangu, maana nilimfuata Keturah, akavua kofia.

Baraza likaamua nyumba ni ya Alma ampe amtakaye. Huko Keturah alikokwenda, mji wa wachimba fedha, kati ya watu wa nje, alifungua duka la kofia akamsomesha Drusilla, na kofia zake zilivaliwa na watu waliolewa pombe kila Jumamosi na kuangukia mitaroni bila kofia kuharibika. Akafia huko, akazikwa huko, na aliyemwimbia kaburini ni fundi wa pampu. Hayo niliambiwa. Nililoliona kwa macho yangu ni asubuhi ya kuondoka.

Muuza jibini alikuja kumchukua, yeye na binti, na kitanda, na mabua yake yamefungwa mafungu mafungu. Hakugeuka kuitazama nyumba. Gari lilipofika mbele ya ile nyumba ya mawe, Philinda akatoka mbio, na Philinda hakuwa mtu wa mbio. Alikuwa ameshika chupa ya pichi za sukari, ya mipichi ile ile ya Keturah, alizozitia sukari Philinda mwenyewe. Akawa anatembea kando ya gurudumu huku ameinyoosha ile chupa juu.

"Mdogo wangu," akasema. "Ni kwa ajili ya Hyrum. Wewe unamjua Hyrum. Wewe mwenyewe ulimkesha."

Keturah alitazama mbele, kwenye masikio ya farasi. Drusilla ndiye aliyeinama kutaka kuipokea chupa, mtoto ni mtoto, na mama yake akamshika bega akamrudisha kitini, bila hasira.

"Angalau mchukulie mtoto," Philinda akasema.

Muuza jibini, ambaye hakuwa mtu wetu na hakujua lolote, alitaka kusimamisha farasi kwa adabu. Keturah akamwomba aendelee. Gari likaongeza mwendo kidogo, si sana, na Philinda akaendelea kutembea nalo, kisha nyuma yake, kisha mbali nyuma yake, vumbi jekundu likimpanda mpaka kiunoni, chupa bado ameinyoosha kama bado kuna mtu wa kuipokea. Nilikuwa nimesimama getini kwangu. Aliponipitia akirudi aliniuliza kama nataka pichi. Nikamwambia ninazo.